Kiatu cha Kulia cha Philemoni

Ilikuwa Jumamosi, na sisi wanawake tulikuwa tumekaa nje ya kanisa tukimenya ndizi za mafundi na kusema watu. Mwingereza bado anatawala, vita vya pili vimeisha miaka miwili, na usharika wetu, huku mlimani juu ya Makumira, unajenga kanisa jipya la mawe. Kuta zilikuwa zinapanda, ila kengele hakuna. Wazee waliizika wakati wa vita vile vya kwanza ili askari wasiichukue, kisha wakafa mmoja mmoja bila kuonyesha mahali. Kilichojulikana ni kwamba iko upande wa chini, karibu na kihamba cha Ndesanjo, yaani shamba lake la migomba na kahawa.

Huyu Ndesanjo alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti jeusi na sauti tamu ya kuombea. Mdogo wake, Philemoni, ndiye aliyemwoa dada yangu Tabea, kisha akaenda Burma na jeshi. Wenzake walirudi. Yeye hakuonekana. Badala yake akaja Ndesanjo na barua, akamsomea dada palepale jikoni: Philemoni kapata mwanamke Nairobi, harudi tena, kihamba chake kakiacha mkononi mwa kaka yake. Dada ahame kahawa ya mwaka ujao ikishavunwa. Karatasi akamwachia.

Dada hakujua kusoma. Mimi nilijua kidogo, madarasa mawili ya misheni. Ningeweza kuiomba ile karatasi niione. Sikuomba. Habari ilikuwa tamu mno, nikaikimbiza hadi sokoni Tengeru kabla haijapoa, na yule mwanamke wa Nairobi nikamwongezea jino la dhahabu. Mwaka ulipoisha, kila mtu alikuwa anamjua, na dada yangu anapita pembeni ya njia kama mwizi.

Basi Jumamosi ile akaja Elisaria na mashine kututafutia kengele. Jeshini alifundishwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa, na sasa alikuwa anamtafutia mzungu mmoja wa kahawa mabomba yake ya maji yaliyopotea ardhini. Mashine yenyewe ni mti mrefu wenye sahani ya chuma mwishoni, sanduku mgongoni, na vikombe viwili vya kusikilizia masikioni.

"Vyuma vyote vikae mbali," alisema. "Majembe, visu, bangili. Mama zangu, hata pini."

"Na meno?" nikauliza.

"Meno yako hayana neno, Penina," Ndesanjo akadakia. "Cha chuma ni huo ulimi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ndesanjo akatoa ufunguo wa sanduku la sadaka mfukoni, akaukabidhi.

Elisaria akaanza, pekupeku, akipitisha sahani juu ya udongo kama anayefagia. Sauti ikianza, anaweka alama. Ikikatika, alama nyingine. Kisha anageuka upande na kufagia tena, akiukata ule mstari wa kwanza.

"Kelele zinadanganya," alitueleza. "Chuma kikubwa kinalia kabla hujakifikia. Lazima upite pande mbili. Mistari inapokatana msalaba, hapo ndipo."

Akachomeka kijiti. Kilikuwa nyuma tu ya visigino vya Ndesanjo.

Wakaleta jembe, wakachimba hadi kiunoni. Hakuna kitu. Akashusha mashine shimoni, kimya. Akaipeleka mbele kidogo, ikalia. Msalaba, kijiti, shimo. Hakuna kitu. Ndesanjo alikuwa amesogea kupisha udongo. Kijiti cha tatu kikaangukia tena nyuma ya visigino vyake.

"Mzee, una chuma?"

"Sina."

"Na hivyo viatu?"

Akavua. Elisaria akampekua mwenyewe, mifuko, mikunjo ya koti, kila mahali. Hakuna.

"Hebu sogea."

Akasogea. Sauti nayo ikasogea.

Mimi siwezi kuachwa na jambo. Nikamwomba Elisaria anivalishe vile vikombe. Nilisikia mlio mwembamba ukipanda, ukakatika. Ukapanda. Ukakatika. Nilikuwa nimeutegea macho mguu wa Ndesanjo, kwa hiyo nakwambia nilichokiona: kila alipopiga hatua mbili, mlio mmoja. Nyuma yake. Chini.

Ukungu ukashuka kutoka Meru ingawa ilikuwa saa nane mchana. Vijiti vilikuwa vimefika saba. Elisaria akavitazama, uso ukambadilika.

"Angalieni," alinong'ona. "Viko sawasawa. Kijiti hadi kijiti ni hatua mbili. Huu ni mguu mmoja."

"Unaelekea wapi?" nikauliza.

"Tuulize unatoka wapi."

Akageuka, akaufuata ule mstari kinyumenyume, akapita kijiti cha kwanza hadi kwenye masale, mimea iliyopandwa kuwa mpaka wa Ndesanjo.

"Huko usiingie!" Ndesanjo akaita. "Kahawa ina maua. Mtanikanyagia."

Dada Tabea, aliyekuwa nasi kwenye ndizi tangu asubuhi, akainuka. Akamwangalia.

"Shemeji, maua yatarudi."

Akatangulia yeye.

Kwenye migomba mitatu mashine ililia na haikuhama. Elisaria akapita pande mbili. Msalaba. Kijiti. Dada hakusubiri jembe. Alichimba kwa mikono.

Kikatoka kikombe cha bati cha jeshini. Nikakipangusa. Jina lilikuwa limekwaruzwa kwa msumari, nikalisoma kwa sauti. Philemoni.

Kikafuata kiatu cha kushoto, na mfupa ndani yake. Elisaria akahesabu misumari ya soli. Kumi na tatu. Mguu wa kulia ulikuwepo. Kiatu chake hakikuwepo.

Ndesanjo alikuwa amekaa chini.

"Alifika mchana," akanong'ona. "Akaniita kaka. Akaomba maji."

Akainua macho kwa dada.

"Nilimpa, Tabea. Alikunywa kwanza."

Dada akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa hadi kuchakaa. Barua ya mumewe. Aliilinda mwaka mzima, analala nayo. Akanipa.

Nikasoma. Lilikuwa tangazo la dawa ya kunyunyizia kahawa.

"Penina," dada akasema taratibu. "Na wewe ulijua kusoma."

Askari walimchukua Ndesanjo kumpeleka boma la Arusha, wala hakurudi. Mvua ilikuwa imenyesha, na walioufuata msafara walisema njiani kulikuwa na nyayo za askari wawili, nyayo zake, na alama ya kiatu kimoja cha kulia nyuma yake. Kengele haikupatikana. Dada alibaki na nyumba yake na kihamba chake. Tulisalimiana, tulizikana, tulipeana chumvi, lakini hadi anakufa hakuniambia tena siri hata moja.

Kiatu kile kilitafutwa kihamba kizima, pande mbili, kila hatua. Hakikupatikana.

Mwezi uliopita fundi alinimwagia saruji barazani. Nikafunga mlango, nikaweka miiba mbele ili kuku wasikanyage. Asubuhi miiba ilikuwa palepale. Kwenye saruji kulikuwa na alama moja ya kiatu, cha kulia. Nimehesabu misumari kwa kidole, mara tatu. Kumi na tatu.

Ncha ya kiatu inaelekea ndani. Ya kutoka sijaiona.