Zungusha kwa Kushoto

“Mwenyewe anapenda moshi mwingi au ladha?”

“Ladha, dada. Anasema moshi mwingi ni wa watoto wanaotaka kuonekana.”

Mashoto akacheka, kwa sababu maneno hayo hayo alikuwa akiyasikia nyumbani kila siku. Alikuwa fundi wa vepu, zile sigara za umeme. Duka lake lilikuwa na kaunta ya kioo, taa moja kali na viti viwili virefu, na jina la Mashoto alibandikwa tangu shuleni kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Nyuma ya pazia lilining'inia gauni lake la harusi. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Mchumba wake wa miaka minne, mpima viwanja, alikuwa kazini nje ya mji, au ndivyo alivyoaga.

Mteja alikuwa msusi wa saluni, binti mcheshi mwenye vidole vyepesi. Alitaka dripa, ile atomaiza, kichwa cha kugeuza majimaji kuwa moshi, isiyo na tangi, ambayo koili ya waya na pamba unafunga mwenyewe, kisha unadondoshea majimaji matone machache kila baada ya mivuto kadhaa. Dripa ya bwana wake imeharibika skrubu, akasema, na bwana mwenyewe ndiye aliyemwelekeza hapa anunue mpya na afundishwe kuifunga. Alimwambia mji mzima hakuna fundi mwingine. Mashoto, kama binadamu yeyote, alifurahi kusifiwa.

Akamchagulia ya koili moja. Akamwonyesha matundu ya hewa yaliyokaa juu ubavuni ili majimaji yasivuje mfukoni, na kisima kirefu chini ya pamba kinachoweka akiba. Kisha akampa waya na bisibisi nyembamba ya kuuzungushia.

Msusi akasita.

“Nizungushe kwa kushoto, si ndiyo?”

“Kwa nini kushoto?”

“Anasema ikizungushwa kulia ladha inapotea.”

Waya haujui kushoto wala kulia, na fundi yeyote atakuambia hivyo. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyeamini upuuzi huo, kwa sababu kwa miaka minne koili zake zote zilitoka kwenye mkono wa kushoto. Siku moja alifungiwa kwingine, akaikataa, akatangaza kwamba siri ni upande. Mashoto hakumsahihisha. Aliona raha kupendwa mpaka kwenye waya.

“Na majimaji, anatumia gani?” akauliza, sauti ile ile ya dukani.

“Anayo, dada. Jana amekuja na chupa tatu za kahawia.”

Majimaji ya chupa hizo aliyachanganya Mashoto mwenyewe Jumapili, tone kwa tone, yamfae mtu wake safarini.

Simu ya msusi ikaanza kuita juu ya kaunta. Jina lililotokea ni Wa Maisha, na picha ilikuwa ya mpima viwanja, amevaa shati ambalo Mashoto alilipiga pasi. Msusi alikuwa ameushika waya kwa mikono yote miwili, wala hakuinua macho kuona nani anapiga.

“Nibonyezee hapo dada, weka sauti ya nje, nisije nikaachia.”

Mashoto akabonyeza.

“Umefika wapi?” sauti ya mwanamume ikauliza.

“Nazungusha waya.”

“Yule mshoto hajashtuka?”

Msusi akamtupia Mashoto jicho, akajaribu kucheka. “Baadaye basi, mpenzi.”

“Hashtuki upesi yule. Usimtaje mtu, jifunze kila kitu kwanza, maana akijua atakufundisha nusu nusu. Jumamosi nitamtumia meseji, yaishe.”

“Usisubiri Jumamosi,” Mashoto akasema. “Nipo hapa, nakusikia.”

Televisheni ikasikika ikizungumza upande wa pili. Mashoto alingoja neno moja tu. Hata uongo angeupokea, mradi uwe wa kumwonea haya.

“Basi imekuwa vizuri,” mwanamume akasema. “Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Mmalizie somo, tafadhali. Yeye hana kosa.”

Akakata.

Msusi alikuwa ameinama. Akasema kwamba aliambiwa waliachana tangu mwaka jana, na kwamba dada wa dukani ndiye anang'ang'ania. Mashoto alivuta droo akatoa kadi ya harusi, ile iliyobaki baada ya mama yake kugawa nyingine zote kwa majirani, ukweni na kazini, akaiweka chini ya taa. Msusi aliisoma yote, majina na tarehe. Akairudisha kwa adabu.

“Pole sana, dada. Moyo ndio umenipeleka huko.” Akaparuza kaunta kwa ukucha. “Lakini pamba bado hujanionyesha.”

Kuna watu wamezaliwa bila aibu, na Mungu akawapa sura nzuri ya kufunikia. Mashoto alitamani kumzaba kofi. Alitamani pia kulia, ila si mbele ya huyo.

Akavuta dripa ili aikague. Msusi alishaifunga koili kwenye nguzo zake mbili, na mguu mmoja wa waya ulikuwa mrefu, umeegemea ukuta wa chuma. Ukiachwa hivyo, umeme unapita njia ya mkato, betri inachemka, na betri ikichemka inaweza kulipuka mkononi. Au mdomoni. Mashoto aliutazama mguu ule. Mdomo aliujua, miaka minne.

Alichukua mkasi akaukata mguu, akapima koili kwenye mashine, akaipima tena. Kazi yake haijawahi kumuumiza mtu, na hakuona sababu ya kuichafua kwa ajili ya mpima viwanja.

“Pamba ipite kwenye koili bila kukwama na bila kulegea. Ncha zake zizame kisimani. Ikikauka usivute, inachoma koo.”

“Ndiyo, dada.”

“Na kila ukifunga, pima kabla hujaweka betri. Hilo usilisahau maisha yako yote.”

“Ndiyo.”

“Na zungusha kwa kushoto. Kwa mkono wa kushoto wenyewe, siyo huo wa kulia unaougeuza geuza. Mkono ndio unaotoa ladha.”

Msusi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa siri ya ndoa. Alipotoka, Mashoto alifunga mlango, akaingia nyuma ya pazia, akalia mpaka mfuko uliofunika gauni ukalowa. Wiki hiyo mama yake alipita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu kwamba harusi haipo tena, na wengine walimpokea kwa kicheko. Hilo ndilo lililomuuma Mashoto kuliko gauni.

Wiki ya saba tangu siku ile, mchana, wateja watatu wakiwa kwenye foleni, meseji ikaingia.

“Mashoto habari. Ladha imepotea tangu chupa ziishe. Nimenunua majimaji ya kila duka. Naona shida ni koili, mke wangu mkono wa kushoto ni mzito, kidole gumba kimevimba anazungusha mpaka analia. Nimemwambia nikiwa kwako sikuwahi kulalamika, tukagombana, yuko kwao siku ya tatu. Naomba nije unifungie moja tu.”

Mashoto aliisoma mara mbili. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na chupa ya kahawia, ya mwisho, aliyoichanganya kabla ya yote na kuisahau. Akaifungua, akainusa. Alimkumbuka vizuri sana, na iliuma. Akaimwaga yote kwenye sinki, akafungulia maji, kisha akaandika kwa kidole gumba cha kushoto:

“Usije. Kamrudishe mkeo. Mwambie aongeze bidii, ikitimia miezi miwili mkono huwa unazoea.”

Akaiweka simu kifudifudi, akamwita aliyefuata kwenye foleni.

“Karibu. Unapenda moshi mwingi au ladha?”