Aliyekunywa Kabla Yake

Tangawizi ilichemka mpaka maji yakageuka rangi, lakini jikoni hakukuwa na harufu yoyote. Shangazi aliinamia sufuria, akanusa, akanusa tena.

"Au nina mafua?" alijiuliza.

Alikuwa muuza dawa za mitishamba, na pua yake haikuwa na kawaida ya kumdanganya. Dawa ile ilikuwa ya binti wa kaka yake, mpokea simu za dharura. Kutwa binti alisikiliza watu wakilia kwamba nyumba inaungua, mtoto hapumui; jioni tumbo linamsokota, chakula kinagoma kushuka. Daktari alimpima, hakuona kidonda. "Ni mawazo," alisema. Ndipo shangazi akaanza kumchemshia tangawizi, mnanaa na shamari, na kumjazia chupa ya kwenda nayo kazini.

Wiki tatu zilipita, binti akazidi kukonda. Dawa haikuwa na ladha, utadhani maji ya bomba.

Asubuhi moja kazini, simu ya mezani kwake iliita. Binti akapokea. Aliyepiga alihema tu, kama mtu aliyeshiba.

"Dharura, nikusaidie nini?"

"Leo shangazi ameongeza mnanaa," sauti ilisema taratibu. "Mzuri. Lakini hofu yako ndiyo tamu zaidi."

Simu ilimponyoka, na tumbo likajikunja kana kwamba kuna mtu ndani aliyekuwa amelala akageuka upande, akanyoosha miguu, akatafuta pa kuegemea, na harufu yote ya tangawizi iliyopotea kule jikoni ikamtoka yeye puani, moto, nzito, hadi wenzake wakageuka kumtazama.

"Shangazi," alinong'ona alipofika nyumbani, "kuna kitu kinakunywa kabla yangu."

Shangazi hakucheka. "Tangu lini?"

"Tangu mama mmoja alipokata roho nikiwa naye kwenye simu. Sikumwambia mtu. Nilimeza tu uchungu."

"Basi ulimeza na kilichokuwa kimemkalia, mwanangu."

Kesho yake shangazi alichemsha shubiri tupu, chungu ya kutoa machozi, akafuatana naye kazini. Simu ilipoita na binti kuipokea, shangazi alimpa kikombe. "Kunywa. Na useme kilichotokea siku ile. Kwa sauti, wote wasikie."

Binti alikunywa, akasema. Alisema jinsi yule mama alivyomwita mwanawe, alivyoomba asiachwe peke yake, na jinsi yeye alivyopokea simu nyingine dakika hiyohiyo bila hata kufuta machozi, na kadiri alivyosema ndivyo kile kitu kilivyokohoa kwenye simu, kikakoroma, kikatapika, hadi waya ukatetemeka juu ya meza.

Shangazi akanyakua simu. "Toka kwa mwanangu!"

"Natoka," kilijibu, kikihema. "Kwani ni yeye peke yake aliyemeza humo chumbani?"

Tumbo la binti likalegea, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akasikia njaa. Alikuwa bado amemkumbatia shangazi yake, akilia na kucheka, pale simu nane za chumba kile zilipoita kwa pamoja.

"Msipokee!" shangazi alipiga kelele.

Lakini wenzake binti, kama walivyofundishwa, walikuwa wameshapokea.