Mstari wa Pili kwenye Mgongo wa Shangazi

Foleni ya duka la dawa za mifugo, karibu na stendi ya mabasi, ilikuwa imefika mlangoni. Binti mwenye gauni la njano lenye vifungo vya mbao alirudi nyuma kumpisha mama mwenye gunia, akamkanyaga kijana mguu.

"Samahani, kaka."

"Usijali. Nimebakiwa na mwingine."

Kijana alivaa shati jeupe lililonyooshwa hadi mikunjo ya mikono ikasimama, akiwa amekumbatia kisanduku kama mtoto mchanga.

"Umebeba dhahabu humo?"

"Mashine ya kupima mafuta ya mgongoni ya nguruwe wazazi. Akinenepa mno, anapata shida kuzaa. Akikonda, hashiki mimba."

Binti, mlezi wa nguruwe, akainua kiganja chake. "Mimi natumia hii. Nabonyeza nyonga, uti wa mgongo na shina la mkia. Wala haitaki chaji."

Kijana akacheka, akaomba namba.

Wiki tatu simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado, nalisha wenzako."

"Wenzangu tena?"

"Si ndio unaowawaza mchana kutwa?"

Kijana alimpenda kwa utani huo, na zaidi kwa jinsi alivyomjua kila nguruwe kwa kumpapasa tu, macho kafumba. Binti naye alimpenda kwa sababu hakusema neno kabla ya kupima mara mbili.

Siku moja bosi wa binti akamwita kijana shambani, pembezoni mwa mji. Bandani alisimama Shangazi, nguruwe mpana wa mapaja, ndiyo kwanza kaachisha watoto kumi na mmoja kunyonya. Binti alikwisha sema, "Yuko sawa, apandishwe tena." Bosi alitaka kuhakikisha.

Kijana akanyoa manyoya kidogo kwenye ubavu wa mwisho, vidole vinne kutoka uti wa mgongo. Akapaka jeli, akagusisha mashine.

"Milimita kumi na moja. Amekonda sana."

"Rudia," binti alisema taratibu.

"Picha haidanganyi, mpenzi."

Siku hiyo tu, mbele ya bosi, alipima mara moja.

"Basi Ijumaa lori la machinjioni limchukue," bosi akaamua. Wafanyakazi wakacheka: "Leo kiganja kimefeli."

Binti aliosha mikono hadi viwiko, akaondoka. Kijana alimpigia simu; iliita hadi ikakatika, mara tisa. Alijibiwa kwa ujumbe mmoja: "Muulize mashine yako kama imekula."

Alhamisi mchana, akiandika ripoti, kijana aliifungua tena ile picha. Akaisogeza karibu. Mafuta ya mgongoni hukaa kwa tabaka, na kati ya tabaka na tabaka hupita mstari mweupe. Yeye alikuwa ameishia kwenye mstari wa kwanza, akadhani nyama imeanza. Akahesabu hadi wa pili: milimita kumi na nane, kipimo cha nguruwe aliye sawa. Hakuna mtu mwingine ambaye angejua.

Ijumaa asubuhi lori lilipokuwa limekwisha funguliwa mlango wa nyuma, pikipiki ikasimama. Kijana akashuka na shati lile lile jeupe, safari hii halikuguswa na pasi.

"Bosi, nilikosea kusoma picha. Shangazi ana milimita kumi na nane. Huyu dada alisema kweli, tena kwa vidole vitupu, na mimi nikambishia. Nyinyi mliocheka, mlipaswa kunicheka mimi."

Bosi akajikuna kidevu, kisha akamwashiria dereva ageuze.

Binti hakuinua macho. "Si ungempigia bosi simu tu?"

"Nilikuaibisha mbele za watu. Ningekusafishaje kwa simu?"

Binti akaushika mkono wa kijana, akauweka kwenye mgongo wa Shangazi, wa kwake juu.

"Bonyeza. Unausikia mfupa?"

"Siusikii."

"Kaza."

"Sasa nausikia. Kwa mbali."

"Basi nguruwe aliye sawa ndivyo alivyo."

Shangazi aliendelea kula, wala hakujali mikono miwili mgongoni kwake. Hakuna aliyeiondoa.

"Mama yako anapatikana lini?" kijana akauliza. "Nataka nije kumwambia nakuoa, kama umenikubali."

"Nimekukubali tangu uliposhuka na hilo shati. Njoo Jumapili. Ila mashine uiache kwako. Mama hupima kwa macho, na hurudia."