Mtandao wa Meza ya Kahawa

Siku za likizo, kila ilipokaribia saa saba mchana, Winfrida alichukua simu ya mkononi ya nyumbani na kupanda nayo hadi kwenye meza ya kuanikia kahawa, sehemu ya juu ya kihamba chao, yaani shamba la ukoo, huko Old Moshi. Hapo tu ndipo mtandao ulipofika. Chini nyumbani, katikati ya migomba, simu ilikuwa bubu. Baba yake, Gidioni, alikuwa mlimani akiongoza wageni, na saa saba alipiga kwa simu ya setilaiti kueleza hali yao. Kukiwa na shida, jirani yao Mzee Melkior angepeleka Land Rover yake kwenye lango la mlima.

Hiyo setilaiti ilimvimbisha Winfrida kichwa. Utadhani aliirusha yeye.

Siku ya nne ya safari, Ruth, binti wa mpagazi Sifael aliyekuwa mlimani na Gidioni, alimpitia ili wapande pamoja. Alimkuta amekaa kivulini anakula ndizi mbivu.

"Sauti inayotoka angani itanikuta hapahapa," alisema Winfrida. "Kusimama mezani ni mambo ya watu wanaopigiwa kwa simu za mnara. Nyie hata hiyo simu ya mnara hamna."

Ruth alimtazama, akashika njia peke yake.

Saa saba na nusu simu haikuwa imelia. Bibi yake, Gladys, alipouliza, yule mtaalamu wa anga alijibu bila hata kupepesa macho kwamba baba amepiga na wote ni wazima. Bibi akampelekea Mzee Melkior habari hizo, naye akapakia ndizi zake akaenda sokoni Moshi.

Wakati huo Gidioni alikuwa akipiga na kupiga. Sifael alikuwa ameugua ugonjwa wa mwinuko. Alitapika, akashindwa kusimama, wakamshusha kwa machela. Langoni hawakukuta gari. Walimbeba barabarani saa mbili nzima, mpaka lori la mbao lilipowachukua hadi hospitali. Daktari alisema wangechelewa kidogo zaidi, wangemkosa.

Kesho yake Gidioni alifika nyumbani. Winfrida alimwamkia shikamoo, naye hakuitikia. Alimuuliza tu jana saa saba alikuwa wapi. Msichana alianza kuzungukazunguka kwa maneno, kisha akasema kweli.

"Sauti yangu hupanda hadi kwenye setilaiti," alisema Gidioni, "ikashuka kwenye kituo kilichoko ardhini, ikakabidhiwa mnara. Mnara ndio unaokuletea wewe. Setilaiti haikujui, wala haiijui migomba yako. Mimi nilipiga mpaka betri ikaisha, mwanangu anakula ndizi."

Winfrida aliona aibu hata akatamani kujificha. Bibi Gladys hakumbembeleza. Alikata jani la isale, akalifunga fundo na kumpa. Wachaga wakiomba msamaha hupeleka jani hilo.

Siku Sifael aliporudi kutoka hospitali, Winfrida alilipeleka kwao. Sifael, aliyekuwa amelala kitandani, alilipokea, lakini uso wake haukulainika.

"Nimekusamehe, maana isale haikataliwi," alisema. "Ila ujue jambo moja. Siku ile Ruth alikwenda kusimama pale mezani nusu saa, mikono mitupu, akitumaini utamfuata. Yeye alikuwa na mtandao bila simu. Wewe ulikuwa na simu bila mtandao. Kumbe mngekuwa pamoja, gari lingekuja. Kazi uliyopewa usiidharau hata ikiwa ndogo namna gani, na kama hukuifanya, sema hukuifanya. Ungesema hivyo tu, Melkior asingeondoka."

Safari iliyofuata ya Gidioni, saa saba kasorobo, Winfrida alipita kwa kina Ruth, akasimama mlangoni, na kwa mikono miwili akampa simu aishike yeye, wakapanda pamoja hadi mezani.