Vidonge Walivyomeza Pamoja

Walisema mwanangu anatupa dawa chooni. Maneno yalianzia kwa jirani, yakanifikia mimi mama yake, na kila nilipolala yakalala nami. Naandika ili mwenye binti asikie.

Binti yangu ni fundi cherehani. Ana virusi vya UKIMWI, na dawa zilimkalia vizuri, kanawiri. Kijana wake, fundi simu, alikutana naye kwanza alipompelekea simu kibandani kwake stendi, watu wamejaa. Binti alivaa gauni la njano alilojishonea.

"Simu imekunywa maji," akasema.

"Simu haina kiu, dada. Wewe ndiye uliyeinywesha."

Wakacheka, penzi likaanza. Kabla halijakolea binti alimweleza hali yake, na kijana hakukimbia. Yeye mwenyewe ana vidonda vya tumbo. Basi kila jioni akawa anapiga simu, wameze dawa pamoja.

"Bibie, maji yapo?"

"Yapo, mzee wa vidonda."

"Haya, twende."

Binti alipoanza kusumbuliwa na kiungulia, kijana akamgawia dawa yake ya kutafuna.

"Tafuna hii kwanza, mpenzi, kidonge chako kishuke vizuri."

Ikawa ndiyo kawaida yao. Kliniki hakusema. Kiungulia nacho ni ugonjwa wa kutaja?

Kipimo kikaonyesha virusi vimepanda. Ndipo maneno ya chooni yakazuka, yakamfika kijana.

"Nakusikia unameza, kumbe unanichezea. Unazitupa ili mwanamume gani asizione?"

"Nameza, baba. Huniamini?"

"Vidonge vinamezwa, virusi vinapanda. Mimi mtoto?"

Akakata simu. Akaacha kupiga.

Binti akaanza kukohoa, akakonda, kisha mgongo ukamuuma hadi miguu ikafa ganzi. Tulimbeba hadi hospitali. Vipimo vikaonyesha kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo.

"Anatumia dawa gani nyingine?" daktari aliuliza. "Hata ya kutafuna."

Binti akataja ile aliyopewa na kijana, nami nikampigia. Alifika na shati la kazini, akatoa paketi mfukoni. Daktari akaitazama.

"Hii ikiingia tumboni pamoja na dawa ya virusi, inaishika, haifiki ya kutosha kwenye damu. Na dawa za kifua kikuu nazo huipunguzia nguvu. Itabidi tumwongezee dozi ya dawa ya virusi."

Kijana akakaa sakafuni.

"Mama, mimi ndiye niliyempa."

"Nilitafuna mwenyewe," binti akasema kitandani. "Njoo huku. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mjinga."

"Nikisimama utanioa?"

"Nitakuoa ukiwa umelala hivyohivyo."

Akamwoa palepale wodini, mimi na muuguzi tukiwa mashahidi. Virusi vimeanza kushuka. Miguu haijarudi, na daktari hatuahidi kitu. Kijana humgeuza kitandani asipate vidonda, akimtania, na akitoka nje hulia.

Basi wanangu, epukeni haya:

Kumeza dawa ya kiungulia pamoja na dawa ya virusi kabla ya kuuliza zipishane kwa saa ngapi.
Kunywa vidonge vya kuongeza damu au vya mifupa bila kuuliza vilevile.
Kumficha anayekutibu kifua kikuu kwamba unatumia dawa za virusi.
Kuacha dawa yoyote kwa uamuzi wako.
Kugawiana dawa, hata kwa mapenzi.
Kumhukumu mgonjwa kwa maneno ya jirani.