Meza ya Machicha ya Kahawa

Basi la kutoka Kilosa liliingia Mikumi saa saba mchana, wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu mabasi matatu ya Mbeya yalikuwa yameshaegeshwa na abiria wote walitaka chipsi, choo na kivuli kwa pamoja. Mashauri alishuka akiwa amebeba miguu minne ya kitanda iliyofungwa kwa mpira. Alikuwa fundi seremala wa Kilosa mjini, kijana wa miaka thelathini, mrefu, shati lake la drafti limenyooshwa pasi lakini mabegani lina vumbi la mbao. Aliyeagiza ile miguu hakuwa amefika. Mashauri akazunguka nyuma ya mgahawa wa Mama Tumwagile kutafuta kivuli, akaona kitu kama kigae kikubwa cheusi kimewekwa juu ya matofali mawili, akakikalia.

Kikavunjika katikati.

"Kaka, hiyo uliyokalia ni kazi yangu ya wiki tatu."

Aligeuka. Msichana aliyesimama mlangoni mwa jiko alikuwa amevaa aproni ya kahawia juu ya gauni la kitenge cha manjano, na masikioni hereni za shanga nyekundu na nyeupe, za Kimasai. Mkononi alishika ndoo iliyokuwa ikifuka mvuke.

"Samahani sana, dada. Nilidhani ni jiwe."

"Jiwe gani linavunjika likikaliwa?"

Mashauri aliokota kipande kimoja, akakigeuza, halafu akakinusa. "Mbona linanukia kahawa?"

"Ni machicha. Kahawa ikishachujwa, yale yanayobaki. Kila siku tunamwaga ndoo mbili. Mimi nikaona ni hasara."

"Umechanganya na nini?"

"Uji wa muhogo."

"Ndiyo maana limekuwa na ukungu hapa pembeni. Na hukuligandamiza." Alipitisha kidole gumba pale palipokatika, kama anavyofanya fundi kwenye mbao. "Halina cha kulishikilia ndani. Ukiweka nyuzi za mkonge, ukatumia gundi ya mbao, ukalibana kwa jeki ya lori siku mbili, hata mimi na mizigo yangu hatutalivunja."

Msichana akaweka ndoo chini. "Unavunja halafu unafundisha."

"Nipe jina lako nijue ninayemlipa fidia."

"Seleina. Na fidia yangu ni mkonge."

Jumanne iliyofuata Mashauri alirudi na gunia la nyuzi za mkonge alizozikusanya kwenye mashamba ya Rudewa, na jeki kuukuu. Jumanne nyingine akaja na fremu ya mbao ya kufinyangia. Seleina alikuwa akianika machicha juu ya bati, yakikauka anayachanganya na gundi na nyuzi zilizokatwakatwa, kisha wote wawili wanashindilia na kubana. Kigoda cha kwanza kilitoka kimepinda. Cha pili kilikaliwa na dereva wa magari ya watalii, mtu mnene, wala hakikulia.

Kisha Seleina akagundua jambo ambalo fundi hakulijua. Kahawa iliyokaangwa sana hutoa machicha meusi, ya kukaangwa kidogo hutoa ya rangi ya udongo. Akaanza kuyapanga kwa rangi kabla ya kubana, na kwenye uso wa meza ndogo akaweka kundi la ng'ombe wanaovuka maji, weusi juu ya kahawia, pembe zao nyembamba kama nyuzi.

Mashauri aliipiga msasa ile meza. Alipomaliza alisema, "Hii siyo useremala. Hii mimi siiwezi."

"Ni ng'ombe wa baba yangu," Seleina akajibu.

Ndipo alipomsimulia. Mto ulipofurika Kilosa, boma lao kule Rudewa lilisombwa, na ng'ombe wengi wakaenda na maji. Baba yake, mzee Sapit, alimleta Mikumi akiwa na miaka kumi na mitatu, akamkabidhi kwa Mama Tumwagile aliyekuwa akinunua maziwa kwao, akaondoka na ng'ombe kumi na mmoja waliobaki kutafuta malisho kusini. Hakurudi. Baada ya miaka mitatu ilikuja habari ya kifo chake. Mama Tumwagile alimsomesha mpaka kidato cha nne, akamfundisha mashine ya kahawa, akampa chumba nyuma ya stoo. Sasa Seleina alikuwa na miaka ishirini na tano, na tangu siku baba alipomwacha pale hajawahi kulala mahali pengine popote.

"Hata Morogoro hujafika?"

"Nimefika. Nilirudi siku hiyo hiyo. Mama ana sukari, Mashauri. Miguu inamvimba. Nikichelewa dakika kumi sokoni nakuta amesimama getini."

Wakaanza kupigiana simu. Seleina alikuwa akipiga saa tisa alasiri, mabasi yakishaondoka na meza zimefutwa.

"Fundi wa kukalia vitu vya watu, umeshakula?"

"Sijala, kipenzi. Nakusubiri wewe unipikie."

"Nikupikie nikiwa huku? Utakufa njaa."

"Basi njoo. Hapa karibu na stesheni kuna banda limeachwa wazi, lina bati zima na mlango mpana. Wewe utakaa na rangi zako, mimi na jeki yangu."

Mashauri akasikia sahani zikigongana jikoni.

"Mama hawezi," Seleina akasema.

"Hawezi nini?"

"Kuachwa."

Mama Tumwagile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke wa Rungwe, mpana wa mwili, kilemba hakimtoki kichwani, anayeamka saa kumi na moja kuwasha jiko ingawa daktari amemkataza kusimama. Watoto wake wawili walikuwa mbali na walimpigia Krismasi. Aliyemchua miguu jioni alikuwa Seleina. Aliyejua dawa ipi inamezwa na chakula, na aliyemchoma sindano ya sukari, alikuwa Seleina. Alipomwona msichana huyu akicheka peke yake na simu sikioni, aliondoka hapo akitafuta la kulalamikia.

Alianza na machicha. Alisema yanaleta nzi, akaagiza yamwagwe chooni kila baada ya chai. Seleina akaanza kuyaficha kwenye ndoo ya maganda ya viazi. Mama akasema wateja wanalalamikia simu, ikaamriwa simu zote zikae kwenye droo ya kaunta mpaka mgahawa ufungwe. Kisha geti la nyuma likafungwa kufuli, ati kuna wezi. Mashauri alipokuja Jumanne alipokelewa mbele kama mteja, akanywa kikombe kimoja, akamwona Seleina kwa mbali kupitia dirisha la jiko.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama Tumwagile.

"Marahaba. Umeshamaliza kahawa yako?"

Seleina alianza kuhisi kwamba mgahawa unazidi kuwa mdogo. Alihesabu hatua kutoka chumbani hadi mashineni, akakuta ni ishirini na mbili. Wasafiri waliingia na kutoka, wa Songea, wa Tunduma, na yeye aliwapa vikombe akijua kwamba kila mmoja wao baada ya dakika ishirini atakuwa anakwenda mahali. Hakuna aliyemkataza kuondoka. Hilo ndilo lililomchosha, kwamba hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Ataanzaje kumlalamikia mtu aliyemvalisha sare ya shule?

Mwezi wa nane, wiki ya Nanenane, Mashauri alipiga simu saa tano asubuhi kumwambia kwamba ile meza ya ng'ombe, aliyokuwa ameipeleka karakanani Kilosa kuimalizia, ameibeba kwenye maonyesho Morogoro. Simu ilikuwa kwenye droo. Aliyepokea alikuwa Mama Tumwagile.

"Seleina hayupo," alisema. "Baba zake wadogo wamekuja kutoka Rudewa. Anaolewa, baba. Usimsumbue tena."

Akakata, akafuta ile namba, akarudisha simu mahali pake.

Mashauri alisimama kati ya umati wa maonyesho na simu mkononi. Alijua kwamba Wamasai wa Rudewa wana taratibu zao, na yeye ni Msukuma wa kuja, wazazi wake walihamia wilaya ya Kilosa na jembe na ng'ombe wanane. Hakujiona mtu wa kuuliza mara mbili. Hakupiga tena.

Seleina hakujua lolote. Alisubiri Jumanne, akasubiri nyingine. Namba ya Mashauri haikuwamo tena kwenye simu, akadhani ameifuta mwenyewe kwa bahati mbaya, na kichwani hakuwa ameishika. Juma lililofuata, mteja mmoja akinywa chai aliwaonyesha wenzake video ya maonyesho. Seleina akachungulia begani kwake. Mashauri alisimama kando ya meza, shati jeupe, na sauti ya mtangazaji ikasema kwamba kijana huyu wa Kilosa amebuni samani za machicha ya kahawa. Kamera ikawasogelea ng'ombe wa mzee Sapit. Kisha video ikaisha.

Aliingia stoo, akakaa juu ya gunia la sukari. Hakulia. Alifikiri tu kwamba mlango mmoja aliokuwa nao maishani aliutengeneza kwa mikono yake, na mtu mwingine akapita, akaufunga nyuma yake. Jioni ile alimchua mama miguu kama kawaida. Mama akasema, "Leo umenyamaza," naye akasema, "Nimechoka." Kesho yake machicha aliyamwaga chooni mwenyewe.

Ilikuwa hivyo kwa wiki sita, mpaka Lukasi, kondakta wa basi la Kilosa, alipoingia kunywa chai.

"Dada Seleina, harusi ilikwendaje? Hata kutualika jamani."

"Harusi ya nani?"

"Si yako. Fundi Mashauri aliniambia umeolewa kwenu Rudewa. Amekonda yule kaka, utamhurumia."

"Nani alimwambia?"

Lukasi akainua bega. "Anasema alipiga simu, akaambiwa na mama mwenye mgahawa."

Seleina aliweka kikombe juu ya kaunta polepole sana. Mama Tumwagile alikuwa meza ya pembeni akichambua mchele. Alikuwa amesikia kila neno, na vidole vyake vilikuwa vimesimama.

Seleina akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mama, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

Mama Tumwagile aliutazama mchele. "Nilikuona unavyocheka. Nikajua siku zako hapa zimekwisha. Wanangu nao walianza hivyo hivyo, simu, simu, mwisho wakaenda." Akafuta meza kwa kiganja. "Nani atanichoma sindano? Nani atajua nimekufa?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungesema unabaki. Nami ningejua unabaki kwa sababu ya ada niliyolipa." Akarudi kuuchambua mchele. "Sikutaka kuisikia hiyo."

Seleina aliona kwamba mama huyu naye amefungwa, pengine zaidi yake. Lakini hasira yake haikuondoka kwa kuliona hilo. "Miaka kumi na miwili nimekuita mama," alisema, "na sikuwahi kukudanganya hata mara moja. Sindano ya leo nimekuwekea kwenye friji, rafu ya juu. Ugali wako uko kwenye sufuria ndogo."

Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Mama hakunyanyuka. Nje Lukasi alikuwa anapiga kofi ubavuni mwa basi kuita abiria, na Seleina alipanda akiwa na gauni la kitenge, kandambili, na simu yake.

Njia ya Kilosa ilikuwa na vumbi. Alikaa dirishani, na kila kituo basi liliposimama moyo ulimwambia ashuke arudi. Hakushuka.

Alimkuta Mashauri karakanani, pale Lukasi alipomwelekeza, akipiga randa ubao wa mlango. Aliinua uso, randa ikabaki juu.

"Sikuolewa," Seleina alisema kabla hajaingia. "Uliambiwa uongo, ukauamini bila kuniuliza. Na meza yangu uliitembeza Morogoro kwa jina lako."

Mashauri aliweka randa chini. "La kwanza nina kosa. Niliogopa kuuliza, nikaiita heshima." Akafungua droo, akatoa karatasi. "La pili siyo kweli. Nilikutaja wewe uliyeitengeneza, waliopiga video wakakata kipande hicho. Soma hapa."

Ilikuwa barua ya mwenye duka moja la kahawa Morogoro, akitaka meza kumi na mbili. Ilianza na maneno, *Kwa Bi. Seleina Sapit, kupitia kwa fundi Mashauri*.

"Imekaa hapa wiki tano," Mashauri alisema. "Nilimjibu kwamba msanii ameolewa, na mimi bila yeye natengeneza ubao tu."

Seleina aliisoma mara mbili. Kisha akakaa juu ya rundo la mbao, na ndipo machozi yakaja. Mashauri alichuchumaa mbele yake, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Kipenzi, usirudi kule. Lile banda bado liko wazi. Kaa hapa kwangu, nikuoe."

"Nimetoka kwenye uzio mmoja leo mchana," alisema Seleina akifuta uso. "Usiniingize kwenye mwingine kabla jua halijazama."

"Mimi ni uzio?"

"Hapana. Lakini sijawahi kukaa nje hata siku moja nikajua kukoje." Alimshika mkono, kiganja kigumu chenye kovu la patasi. "Nenda Rudewa kwa baba yangu mdogo, Parit. Peleka wazee wako, ukae chini, unyweshwe chai, uulizwe maswali mpaka utoke jasho. Nitakukubali. Ila kwanza nataka chumba changu, chenye ufunguo ninaoubeba mimi."

Mashauri akacheka, cheko la kwanza tangu Nanenane. "Parit ana mbwa?"

"Watatu."

Jioni ile Scolastica, dada yake Mashauri, alimtandikia Seleina kitanda chumbani kwake. Kabla ya chakula Seleina alitoka uani na simu, akapiga Mikumi. Ililia mara moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Pumzi nzito. "Umefika?"

"Nimefika. Sindano umechoma?"

"Nimechoma mwenyewe. Nimekosea mara ya kwanza."

"Kesho nitakuja na basi la asubuhi, nitapika kahawa mpaka saa tisa. Kuna mtu nitamfundisha mashine. Baada ya hapo nitaondoka, nitafute chumba changu mwenyewe pale Mikumi mjini."

Seleina alimsikia mama akivuta kiti na kukaa.

"Kama nitataka kukuona," mama aliuliza taratibu, "nitalazimika kubisha hodi?"

"Ndiyo, mama," alisema Seleina. "Nami nitakufungulia."