Barua Iliyosomwa Nusu

Jumapili, tarehe 27 Julai 1958, upepo mkavu ulivuma kutoka ziwani tangu alfajiri na kutimua vumbi kijiji kizima cha Kiriba. Nyangeta alichota maji, akafagia ua, kisha akaenda kanisani pamoja na wazazi wake. Walipotoka walimkuta Mzee Hamduni, fundi cherehani wa Musoma mjini, ameegemeza baiskeli yake ukutani. Alikuwa amewaletea barua kutoka Uingereza.

Kaka yake Nyangeta, Apolinary, alikuwa huko akisomea uinjinia wa madaraja, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza. Nyumbani kwao, barua yake haikufunguliwa mpaka wote waliomwandalia safari wawe wameketi. Hamduni alimshonea koti, na Shangazi Boke alimpa blanketi. Baba yao, Thadeo, hakujua kusoma, wala mama yao, Hyasinta. Shangazi naye hakujua, na Hamduni alisoma herufi za Kiarabu tu. Kwa hiyo msomaji alikuwa Nyangeta, mwenye miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita.

"Soma basi, mwanangu," alisema Hamduni. "Nataka kujua kama koti langu limeiweza ile baridi, au nilimshonea chandarua."

"Wewe unawazia koti, mimi nawazia tumbo," alisema Shangazi Boke. "Huko hakuna samaki wa ningu wala ugali wa mtama. Soma, tujue kama amebaki mifupa."

Nyangeta alipitisha macho kwanza kimyakimya. Kaka yake aliandika hivi: "Nimefeli hesabu na uchoraji wa ramani. Darasani niko peke yangu kutoka Afrika. Walimu wakisema haraka sishiki maneno, na naona haya kuuliza. Chuo kitaniruhusu kurudia mwaka kama baba ataweka dole gumba kwenye fomu hii, ipigwe muhuri bomani Musoma, na ifike huku kabla ya Agosti kwisha. Isipofika, nitarudishwa nyumbani."

Moyo wa Nyangeta ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alimtazama baba yake, ambaye asubuhi ile kanisani alisimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya Apolinary. Kisha alisikia sauti yake mwenyewe ikisoma, lakini aliisikia kama ya mtu mwingine aliye nyumba ya pili.

"Hajambo. Amefaulu mitihani yote. Wamejenga daraja dogo la chuma, na watu kumi wamesimama juu yake lisivunjike. Anasema koti ni zito na zuri."

"Mnasikia?" alisema Hamduni. "Zito na zuri."

"Na hiyo karatasi nyingine?" mama aliuliza.

"Ni ratiba ya chuo tu, mama."

Nyangeta aliificha fomu ndani ya daftari lake. Siku zilizofuata alikwenda shule, akapalilia, akapara samaki. Aliulizwa akajibu, akapewa chakula akala, ila hakuonja ladha yake. Jioni, familia ilipopiga magoti, alitamka sala yote bila kukosea, na hakuna neno hata moja lililomgusa. Hakulia, hata pale alipotaka kulia.

Majuma mawili yakapita. Jumapili ya tarehe kumi Agosti, baada ya chakula, baba alimwita.

"Nisomee tena barua ya kaka yako. Mimi hupendaga kuisikia mara mbili, mara tatu."

Nyangeta alifungua barua, akaanza kubuni tena. Alifika kwenye daraja. "Wamejenga daraja la mbao, watu saba wamesimama juu yake..."

Baba aliinua mkono. "Juma lile daraja lilikuwa la chuma, na watu walikuwa kumi."

Nyangeta akaikunja barua.

"Sijui kusoma, mwanangu, lakini sijasahau kusikia," alisema baba taratibu. "Karatasi haibadilishi maneno yake. Kuna nini humo?"

Nyangeta alileta daftari, akatoa fomu, akaiweka kwenye mkeka. "Amefeli, baba. Nimeficha. Niliogopa mtaumia."

Baba hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimtuma jirani mwenye baiskeli akamwite Hamduni, na yeye mwenyewe akaenda kwa Shangazi Boke. Jioni ile, watu walewale wakiwa wameketi, Nyangeta alisoma barua yote kama ilivyoandikwa. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Hamduni ndiye aliyesema kwanza.

"Koti langu la kwanza lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Bwana aliyenunua alinicheka mpaka sokoni. Nilifumua, nikashona upya. Wino uko wapi?"

Baba aliweka dole gumba. Jumatatu Hamduni aliipeleka fomu bomani, ikapigwa muhuri, ikatumwa kwa ndege.

Katikati ya Septemba barua nyingine ilifika. Nyangeta aliisoma mbele ya wote: "Fomu imefika zikiwa zimebaki siku tano. Nimeruhusiwa kurudia mwaka. Kila jioni mwanafunzi mmoja wa hapa ananirudishia somo polepole. Mlipochelewa nilidhani mmenitupa."

Baba akamgeukia binti yake.

"Umesikia neno hilo la mwisho? Ulitaka kutukinga na huzuni, ukamwacha kaka yako peke yake na huzuni yake ng'ambo. Tusingeweza kumsaidia kwa jambo tusilolijua. Mtu akikuamini umsomee, amekupa macho yake. Usiyafumbe hata kwa kumhurumia. Sasa simama useme, hawa wote wasikie."

Nyangeta alisimama. Midomo yake ilikuwa mikavu, lakini safari hii aliitambua sauti yake.

"Mbele za Mungu, na mbele yenu baba, mama, shangazi na Mzee Hamduni, naahidi: barua yoyote mtakayonipa nitaisoma neno kwa neno, iwe ya heri au ya shari, na nisipoelewa nitasema sijaelewa."